Vifaa vya kutafutia bakteria sugu kwa ndege wa porini: kipi kinaonyesha, kipi kinaficha

Anayetaka kujua kama shakwe, kunguru au bata maji wanabeba bakteria sugu kwa dawa hukuta vifaa vya aina tatu sokoni: swabu za kuchukulia na kusafirishia sampuli, sahani za agari zenye dawa ndani yake, na diski za kupimia usugu. Karibu vyote vilibuniwa kwa ajili ya hospitali. Ndege aliyenaswa kwenye wavu ana bakteria wachache zaidi, wa aina nyingine, na swali linaloulizwa juu yake si lile la mgonjwa kitandani. Kwa hiyo hapa kila kifaa kinapimwa kwa jambo moja tu: kikitumika kwa ndege, je, kinaonyesha kilichopo?

Hukumu yetu tuitoe mapema. Sahani za rangi za kutafutia ESBL (vimeng'enya vya usugu, vinavyoelezwa hapa chini) ni bidhaa nzuri, ila kwa ndege hazifai kuwa chombo cha kwanza. Agari ya MacConkey, ya kuoteshea bakteria wa utumbo kama E. coli, iliyochanganywa maabara na dawa ya sefotaksimu inazishinda, kwa sharti mchanganyaji awe makini. Swabu yenye maji ya Amies, ya kuhifadhia sampuli safarini, inastahili gharama yake. Diski za kuthibitisha ESBL zinafaa mradi zitunzwe pakavu.

ESBL ni vimeng'enya ambavyo Escherichia coli, Klebsiella na jamaa zao hutumia kuvunja penisilini na sefalosporini za kizazi cha tatu, kama vile sefotaksimu na seftriaksoni. Jeni zake mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, vipande vidogo vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, na plasmidi huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Ndege wa porini hapewi dawa na mtu. Bakteria hawa huwaokota jalalani, kwenye mabwawa ya majitaka na penye samadi ya mifugo. Miongoni mwa taarifa za mwanzo ni ile ya Japani ya mwaka 1978, ya njiwa na kunguru waliobeba E. coli sugu kwa kloramfeniko. Mwaka 2008 zikachapishwa habari za E. coli sugu kwa ndege wa Aktiki, kutoka Siberia, Alaska na Greenland. Jeni ya mcr-1, inayomkinga bakteria dhidi ya kolistini, ilitangazwa China mwishoni mwa 2015, na mwaka uliofuata ikaripotiwa kwa shakwe wa Argentina na wa Lithuania. Mambo yakienda kasi namna hiyo, kundi la ndege likiandikwa kuwa halina usugu kwa sababu tu sahani ilishindwa kazi, kosa hilo linaingia kwenye ramani na watu wanalitegemea.

Swabu

Swabu ya pamba yenye kijiti cha mti isinunuliwe kwa kazi hii. Pamba ina asidi za mafuta, mti una utomvu, na vyote viwili vinaweza kuwaua bakteria wachache ambao ndege mdogo anao. Chukua yenye kijiti cha plastiki na ncha ya rayoni, poliesta au nailoni ya manyoya. Hii ya mwisho ndiyo bora, kwa sababu nyuzi zake zimesimama kwa nje na huachia sampuli karibu yote badala ya kuinyonya hadi katikati.

Kuna njia mbili za kuihifadhi sampuli safarini. Jeli ya Amies yenye mkaa ni ya zamani na ya kuaminika: mkaa hufyonza vitu vyenye sumu vinavyotoka kwenye kinyesi, na E. coli hukaa humo hadi saa 48 bila shida kubwa. Udhaifu wake ni unga mweusi unaobaki kwenye kila kitu. Unachafua slaidi ya Gram na unaweza kukwamisha PCR (kipimo cha kunakili DNA) ukitaka kutoa DNA moja kwa moja. Tena ukishaiotesha swabu sahani moja, imekwisha.

Maji ya Amies, kama yale ya eSwab yenye mililita 1, yanaondoa tatizo hilo. Tikisa mrija kwa sekunde 5, kisha gawanya: mikrolita 100 kwenye MacConkey tupu, mikrolita 100 kwenye MacConkey yenye sefotaksimu, mikrolita 300 kwenye maji ya peptoni ya kukuzia, na zinazobaki zichanganywe na gliseroli ziende kwenye friza la nyuzi −80. Sampuli moja inajibu maswali manne. Angalizo: maji hayo peke yake hayana gliseroli, kwa hiyo mrija ukiwekwa kwenye friza jinsi ulivyo, sehemu kubwa ya bakteria hufa.

Ukubwa wa ncha ndipo wengi hukosea wakati wa kuagiza. Ncha ya kawaida inamfaa shakwe, kunguru au bata. Kwa ndege wa saizi ya shomoro inamuumiza, na anayemshika ndege akiogopa kumuumiza huishia kupaka nje ya kloaka (tundu la kutolea kinyesi) tu. Agiza zenye ncha nyembamba kwa ndege wadogo, na zisichanganywe kwenye boksi moja. Loanisha ncha kwa maji tasa ya chumvi ya asilimia 0.85, ingiza mpaka manyoya yasionekane, zungusha taratibu mara mbili au tatu, toa. Tazama ncha kabla ya kuifunga: kama haina hata doa la kinyesi, andika hivyo kwenye fomu. Swabu isiyo na doa ikitoa jibu hasi, jibu hilo halimhusu ndege. Kazi yote hii ifanywe na mwenye kibali cha kushika ndege, akiwa na glavu, barakoa ya kuchuja chembe na kinga ya macho, kwa sababu homa ya ndege na Chlamydia psittaci hupatikana kwa ndege wanaoonekana wazima kabisa.

Joto la safarini ni nyuzi 2 hadi 8. Kwenye gari lenye joto E. coli haibaki hai tu, bali inazaliana ndani ya mrija, na hesabu ya koloni ya kesho yake inakuwa haina maana. Kinyume chake, mrija ukigusana moja kwa moja na pakiti ya barafu unaganda. Weka kadibodi katikati.

Pasipowezekana kukamata ndege, kinyesi kibichi kinatosha, na kwa ndege wa makundi kina faida ya kutowasumbua. Subiri kundi la spishi moja litue, liondoke, kisha chukua kinyesi chenye unyevu tu. Chukua sehemu ya kahawia au kijani ya katikati. Ile nyeupe ni asidi ya uriki, na upande uliogusa ardhi una bakteria wa udongo. Acha nafasi ya mita kadhaa kati ya sampuli, la sivyo ndege mmoja anahesabiwa mara tatu.

Sahani: rangi dhidi ya MacConkey

Hapa ndipo penye tofauti kubwa ya matokeo.

Sahani za rangi, kwa mfano CHROMagar ESBL, zina dawa ya kuzuia bakteria wasio sugu pamoja na kemikali zinazobadilika rangi kufuatana na kimeng'enya cha bakteria. E. coli hutoka waridi iliyoiva hadi nyekundu, Klebsiella na Enterobacter bluu ya kung'aa kama chuma, Proteus na kivuli cha kahawia, na Acinetobacter na Pseudomonas hutoka rangi ya krimu. Kwa maabara yenye sampuli mia kadhaa na wafanyakazi wawili, kusoma namna hii ni raha. Kwa ndege wa majini, ambao kinyesi chao hujaa Pseudomonas na Aeromonas, rangi zinaokoa muda mwingi wa kuokota koloni zisizohusika.

Tatizo liko kwenye kile zinachokizuia. Sahani za aina hii hutiwa viambato vya kupunguza bakteria wenye AmpC, kundi jingine la vimeng'enya vinavyovunja sefalosporini, kwa sababu hospitali inataka kuitenga ESBL na AmpC. Sasa, kwa ndege wa porini, AmpC ya kwenye plasmidi, hasa jeni ya blaCMY-2, ni sehemu kubwa ya habari yenyewe, na imeshapatikana kwa shakwe, kunguru na ndege wawindaji. E. coli yenye CMY-2 inastahimili sefotaksimu na jeni yake inahama, lakini kwenye sahani ya rangi huenda isiote kabisa. Mtafiti anaandika asilimia ndogo, na hakuna kitu kwenye sahani kinachomwonya.

MacConkey yenye sefotaksimu haichagui kati ya hizo mbili. Anayestahimili dawa anaota. Chumvi za nyongo zilizomo huzuia pia Proteus kutambaa juu ya sahani nzima, balaa la kawaida kwa ndege wala nyama na wala mizoga.

Uchanganyaji wake ndio unaoamua kila kitu. Nunua unga wa sefotaksimu ya sodiamu wa maabara wenye cheti cha nguvu, usitumie dawa ya sindano. Tuseme cheti kinasema mikrogramu 920 za dawa kwa kila miligramu 1 ya unga: ili kupata mililita 10 za miligramu 4 kwa mililita, unahitaji miligramu 40 za dawa halisi, yaani miligramu 43.5 za unga. Wanaosahau hesabu hiyo hutengeneza sahani dhaifu kwa karibu asilimia 8 bila kujua. Yeyusha kwa maji tasa, pitisha kwenye chujio la mikromita 0.22, gawa mililita moja moja kwenye mirija midogo na uweke nyuzi −20. Mrija ukishayeyuka usirudishwe.

Pika agari ya MacConkey kama lebo inavyosema, iue vijidudu kwenye otoklevu, kisha iache kwenye bafu la maji la nyuzi 50 mpaka chupa nzima ifikie joto hilo. Chupa ya lita moja huchelewa kupoa katikati, na kuipima nje kwa kiganja hudanganya. Ukitia sefotaksimu kwenye agari ya nyuzi 70, umeivunja dawa kabla ya kuanza. Tia mililita 1 ya akiba yako kwa lita moja, zungusha bila kutoa povu, mimina mililita 20 kwa kila sahani ya milimita 90. Lita moja inatoa sahani kama 50. Zikikauka, zifunge kwenye mfuko, ziandike tarehe, zikae gizani kwenye nyuzi 4, na zitumike ndani ya wiki mbili.

Kila toleo lipimwe kwa bakteria wawili wa rejea, wenye namba za hifadhi za ATCC na NCTC: E. coli ATCC 25922, ambaye hapaswi kuota, na E. coli NCTC 13353, mwenye CTX-M-15, aina ya ESBL, ambaye lazima aote. Upimaji huo urudiwe siku ya kutumia, si siku ya kumimina peke yake, kwa sababu dawa hudhoofika kwenye friji. ATCC 25922 akianza kuota, sahani zote za tarehe hiyo zitupwe. Maabara nyingi hutegemea Klebsiella pneumoniae ATCC 700603 kama mfano chanya. Kwa sahani hii si chaguo zuri, maana kimeng'enya chake cha SHV-18 kinashambulia seftazidimu kuliko sefotaksimu.

Kiasi cha dawa nacho kinahitaji uamuzi. Mpango wa WHO wa Tricycle, ulioandikwa kwa binadamu, chakula na mazingira, unatumia miligramu 4 kwa lita. Maabara rejea ya Umoja wa Ulaya ya usugu wa dawa, kwa mifugo na nyama, inatumia miligramu 1 kwa lita na inkubeta ya nyuzi 44, baada ya kukuza kwenye maji ya peptoni. Miligramu 1 inanasa wengi zaidi, na bado iko juu ya 0.25, kikomo ambacho EUCAST, kamati ya Ulaya ya viwango vya kupimia usugu, inakitumia kutenga E. coli wa asili na waliopata usugu. Chagua moja kufuatana na unayetaka kujilinganisha naye, uiandike kwenye ripoti, usiibadilishe katikati ya mradi. Asilimia za sahani ya 1 haziwekwi kwenye jedwali moja na za sahani ya 4.

Ukuzaji wa awali ni wa lazima kwa ndege wadogo, hasa wala mbegu na wadudu, ambao mara nyingi wana E. coli kidogo sana au hawana. Weka sampuli kwenye mililita 5 za maji ya peptoni, nyuzi 37, saa 18 hadi 24, kisha mchore mikrolita 10 kwenye sahani yenye dawa. Ukuzaji unakupa jibu la ndiyo au hapana tu. Ukitaka kujua ni sehemu gani ya E. coli wa ndege huyo walio sugu, unahitaji sampuli isiyokuzwa, sahani tupu na sahani yenye dawa zikae pamoja, na koloni zihesabiwe kwenye zote mbili. Sahani tupu ina kazi nyingine ambayo watu huiruka: ikibaki bila hata koloni moja, huwezi kusema E. coli wa ndege yule hawakuwa sugu, maana hukuwapata.

Kusoma MacConkey kunadai jicho. E. coli ni waridi kavu yenye ukungu wa waridi kuizunguka. Klebsiella ni waridi yenye ute. Zisizo na rangi huwa mara nyingi ni Pseudomonas au Acinetobacter. Aeromonas anaweza kudanganya, kwani wengine huchachusha laktosi na hutoa indoli kama E. coli. Kipimo cha oksidesi kinawatenga: Aeromonas ni chanya, E. coli ni hasi. Usikifanye moja kwa moja kutoka MacConkey, kwa sababu asidi na rangi ya agari huharibu jibu. Hamishia koloni kwenye agari ya virutubisho kwanza, subiri usiku mmoja, ndipo upime.

Sahani za rangi tungezinunua kwa hali moja: swali ni ESBL peke yake, sampuli ni nyingi, na pembeni kuna MacConkey yenye sefotaksimu kwa sehemu ya sampuli ili kuona kinachoachwa. Zikiletwa tayari zimemiminwa, kagua tarehe ya mwisho kabla ya kupokea, na zisiachwe kwenye mwanga wa meza, kwa kuwa kemikali za rangi huharibika.

Diski

Seti ya kuthibitisha ni sefotaksimu mikrogramu 30 na seftazidimu mikrogramu 30, kila moja ikiwa peke yake na ikiwa na asidi ya klavulani mikrogramu 10. Duara lisiloota bakteria kuzunguka diski likikua kwa milimita 5 au zaidi penye klavulani, ni ESBL. Ongeza sefoksitini mikrogramu 30: duara chini ya milimita 19 kwa E. coli linaashiria AmpC. Bakteria mwenye vyote viwili huficha ESBL yake, kwa sababu klavulani haiizuii AmpC. Hapo tumia sefepimu mikrogramu 30, peke yake na ikiwa na klavulani, ambayo AmpC haiivunji kirahisi.

Diski za klavulani ndizo zinazokufa kwanza, na kinachoziua ni unyevu. Akiba ikae nyuzi −20; katriji iliyofunguliwa ikae kwenye friji ndani ya kopo lenye kikausha unyevu. Kabla ya kulifungua kopo, liache lifikie joto la chumba. Ukilifungua likiwa baridi, umande hutua juu ya diski, klavulani huoza, na baada ya wiki chache ESBL zako zote zinaonekana kuwa kitu kingine. Hapa ndipo ATCC 700603 anapofaa: asipoonyesha ongezeko la milimita 5 kwa seftazidimu, tupa katriji.

Agari ya Mueller-Hinton, ya kuwekea diski, iwe na kina cha milimita 4, tope la bakteria liwe 0.5 kwa kipimo cha uzito wa tope cha McFarland. EUCAST inataka tope litumike ndani ya dakika 15, diski ziwekwe ndani ya dakika 15 nyingine, na sahani ziingie inkubeta ya nyuzi 35 ndani ya 15 za mwisho. Viwango vya kitabibu vya S (anayezuiwa na dawa) na R (sugu) viliwekwa kwa ajili ya kutibu watu. Kwa ndege, kinachofaa ni viwango vya kutenga bakteria wa asili na waliopata usugu.

Yasiyonaswa na seti hii

Mwenye OXA-48, kimeng'enya kinachovunja dawa za kabapenemu, bila ESBL anaweza kupita bila kuonekana, maana kimeng'enya hicho hakiigusi sana sefotaksimu. Anayetafuta usugu kwa kabapenemu, kama ule wa kimeng'enya cha NDM-1 uliopatikana kwenye Salmonella ya mwewe mmoja Ujerumani, anahitaji sahani nyingine mahususi. mcr-1 haionekani kabisa hapa, na diski ya kolistini si mbadala: molekuli yake ni kubwa, haisambai vizuri kwenye agari, na duara lake halisomeki. Kolistini hupimwa kwa kupunguza dawa hatua kwa hatua kwenye mchuzi wa Mueller-Hinton. Enterokoki na stafilokoki nao hawaoti kwenye MacConkey.

Kwa idadi ya kuagiza, fikiria hivi: ndege 60 wakitoka hasi wote, bado kundi linaweza kuwa na usugu hadi wa karibu asilimia 5, kwa kuwa kikomo cha juu ni takriban 3 kugawa kwa idadi ya sampuli. Anayetaka kusema chini ya asilimia 1 anahitaji sampuli 300, na sahani zake ni mara mbili ya hapo pamoja na za udhibiti.

Koloni zilizothibitishwa zihifadhiwe siku hiyo hiyo kwenye gliseroli ya asilimia 20, nyuzi −80, mirija miwili katika friza mbili. Zikihamishwa mara kwa mara kwenye agari isiyo na dawa, plasmidi hupotea, na ukipeleka bakteria kusomwa jeni miezi baadaye unarudishiwa E. coli wa kawaida. Zioteshe tena kwenye agari yenye sefotaksimu miligramu 1 kwa lita kabla ya kutoa DNA. Sahani na swabu zilizotumika zipite otoklevu ya nyuzi 121 kwa dakika 30 ndipo zitupwe. Ndoo wazi nyuma ya maabara itawaletea kunguru wa jirani bakteria wale wale.